Miaka Minne Aliyojiongezea Donat

Karatasi ile Laurentine aliileta Jumamosi, siku ya posho, wakati nyumba nzima inanuka unga mpya na samaki wakavu wa Pweto. Hakumpa mama yake. Aliiweka mezani mbele ya baba, akasogeza bilauri ya maji isije ikailoanisha, kisha akasimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Baba yake ni Donat, mtu wa tanuru. Miaka thelathini na mitano alikuwa akifanya kazi pale shaba inapoyeyushwa, chini ya bomba refu la moshi ambalo mtu wa Lubumbashi akifungua mlango asubuhi ndilo analoliona kwanza. Mrefu, mkavu, macho mekundu. Kila alfajiri alikohoa muda mrefu, na majirani wa kambi ya wafanyakazi hawakuwa na haja ya saa: Donat akianza, wanawake wanawasha makaa. Kusoma alijua, lakini alisoma polepole, kidole chini ya neno.

Karatasi ilitoka kwa Masere Virginie, mtawa mkuu wa shule ya uuguzi. Ilisema Laurentine amefaulu mtihani wa kuingia, wa tatu kati ya wasichana sitini na wawili. Ilisema pia achague. Kulikuwa na njia ya miaka minne, iliyoitwa A2: muuguzi kamili, anayeshika sindano, anayekaa kwenye kiti cha daktari wakati daktari hayupo. Na kulikuwa na njia ya miaka miwili, A3: msaidizi, anayebadilisha mashuka, anayebeba maji, anayeitika akiitwa. Mzazi atie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi wa nane.

"Weye unataka gani?" Donat akauliza.

Laurentine alikuwa na miaka kumi na sita na hakuwa msemaji. Alitazama karatasi kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Ya miaka ine, baba."

"Sasa unaniuliza nini? Leta kalamu."

Sauti ya Albertine, mkewe, ikatoka jikoni, mwiko ukiwa bado ndani ya bukari, ugali wa jioni. "Baba Laurentine! Uhesabu kwanza!"

Hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la pili angeiweza. Mwaka ule ulikuwa 1975. Kampuni ililipa shule ya watoto wa wafanyakazi maadamu baba yuko kazini. Siku baba anapoingia pansiyo, yaani anapostaafu, anarudisha funguo za nyumba ya kambi, kadi ya posho na kadi ya hospitali, na shule ya mtoto inakatika siku hiyohiyo. Umri wa pansiyo ni hamsini na mitano. Kadi ya Donat ilisema amezaliwa 1922. Basi mwisho wa 1977 angetoka. Njia ya miaka miwili ingekwisha kabla yake, bila tabu. Njia ya minne ingebaki katikati, mwaka mmoja na nusu ukining'inia hewani: ada, chakula cha bweni, magauni meupe, viatu, vitabu vinavyotoka Ubelgiji. Kwa mtu wa pansiyo aliyepanga chumba kule Naviundu, hiyo siyo bei. Hiyo ni kusema hapana.

Donat alijua hesabu hiyo. Alijua na kitu kingine, ambacho Albertine alikijua pia na watoto hawakukijua. Yeye hakuzaliwa 1922.

Kule kwao, karibu na Kongolo, mapadri walikuwa wamemtia katika shule ya walimu. Miaka mitatu, walisema, kisha utafundisha. Donat akamaliza mmoja. Lakini kila mwezi alikuwa akiona watu waliorudi kutoka kusini, kutoka machimboni, na baiskeli, na kofia, na mke aliyevaa viatu. Miaka miwili iliyobaki akaiona mirefu kama njia ya reli. Mwaka 1940 akaja mtu wa kuandika wafanyakazi. Vijana wakaambiana kwamba wa chini ya miaka kumi na minane hawachukuliwi. Donat alikuwa na kumi na minne, ila mwili wake ulishakimbia mbele. Asubuhi ile alikunywa maji ya mto mpaka tumbo likang'aa, ili mizani imheshimu. Karani akamuuliza mwaka. Akajibu 1922. Karani akatazama mdomo wake usio na unywele hata mmoja, akaandika. Kulikuwa na vita huko kwa wazungu, vita ilitaka shaba, na hakuna aliyetaka kujua zaidi.

Tangu hapo miaka ile minne haikumdai kitu. Ilikuwa kama koti la kaka mkubwa: unaingia ndani, linakupwaya, halafu siku moja unaona limekutosha. Alioa kwa umri ule. Alipewa nyumba kwa umri ule. Sasa ndiyo mara ya kwanza alihisi koti linambana.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Feruzi. Feruzi alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, babu yake alitoka Kasongo, na cherehani yake ilikaa barazani katika mtaa uitwao Kenya, humohumo Lubumbashi, karibu na soko. Walikuwa marafiki tangu siku Feruzi alipomshonea suti ya ndoa akakosea mguu mmoja.

"Mutu ya moto!" Feruzi akaita. "Unatafuta nini kwa mutu ya uzi?"

Donat akakaa kwenye benchi, karibu na Amida, binti Feruzi, aliyekuwa akishona vifungo. Akaeleza habari ya karatasi. Feruzi akasikiliza bila kusimamisha mguu.

"Miaka ine kwa kujifunza kuchoma bantu sindano?" akasema. "Umulete hapa. Hapa ni mwaka moja ya vifungo na pindo. Ya pili, mashine. Kisha siku moja tunasoma Fatiha, tunakula pilau, namupa makasi yake mkononi. Amekuwa fundi. Hakuna mwenye atamuuliza baba yake alizaliwa lini."

"Baba anasema uongo," Amida akasema, macho kwenye uzi. "Mi niko kwa vifungo mwaka ya pili."

"Sababu vifungo vyako vinakatika, mwanangu! Ya jana ilianguka na mwenye shati angali hapa barazani."

Wakacheka wote watatu. Donat ndiye aliyeacha kwanza, na Feruzi akaona kwamba rafiki yake hakuja kwa kucheka. Akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Haupendi aende njia fupi."

"Mi nilienda njia fupi," Donat akasema. "Unaona mahali ilinifikisha. Kule kwetu benzangu balimaliza ile shule. Bako banakohoa? Bako balimu. Banakohoa chaki kidogo, banapanguza, banaenda kula."

Feruzi akafikiri. "Sikia, ndugu. Sisi tunahesabu watoto na mfungo: huyu alizaliwa mfungo wa mvua kubwa, yule mfungo wa njaa. Lakini bapadiri yenu banaandika kila kintu. Siku, saa, jina ya mama. Kitabu iko kule kwenu. Kama balikubatiza mutoto, batizo yako inajua miaka yako."

Hilo Donat hakuwa amelifikiria hata siku moja. Mtu anaficha kitu miaka thelathini na mitano, kumbe kimekaa wazi ndani ya kabati la misheni, mstari mmoja kati ya mistari.

Akamwandikia Clément, shemeji yake, katekista kulekule Kongolo. Bahasha ilikuja na treni baada ya wiki tatu. Ndani yake karatasi moja yenye muhuri: Donatus, amebatizwa akiwa na siku tisa, mwaka 1926.

Jumatatu akaomba ruhusa, akavaa shati la misa, akaenda ofisi ya wafanyakazi. Karani wa pale ni Mulenga, mtu mnene mwenye sauti ya kuimba, aliyekaa nyuma ya rundo la majalada hata ukimsalimu unasalimu majalada kwanza. Akaisoma ile karatasi mara mbili.

"Donatus! Huyu Donatus njo nani? Mi hapa niko na Mwilambwe Kisimba. Majina ya bapadiri serikali ilisha kukataza, ndugu mwananchi. Miaka tatu sasa."

"Njo mimi. Nyumbani banaendelea kuniita vile."

"Nyumbani kwako sijasikia kitu." Mulenga akainamia mwaka. "Makumi mbili na sita. Kumbe! Mi niko wa makumi mbili na ine. Siku zote nakupisha kwa mulango, muzee pita, muzee kaa, na weye ni mudogo yangu! Leo njo utaniletea kiti."

"Nitaleta," Donat akasema. Hakucheka.

"Usiogope, hauko peke yako. Katika dosiye zangu bantu yote ya mwaka 1940 balikuwa na miaka kumi na nane. Wa kumi na saba, ata mumoja. Wa kumi na kenda, ata mumoja. Muujiza." Kisha akashusha sauti, na wimbo ukamtoka. "Sasa unisikilize muzuri. Kubadilisha mwaka inawezekana. Naandika makumi mbili na sita, unakuwa na miaka makumi ine na kenda, pansiyo yako inaenda mpaka 1981. Lakini mutu wa kuongezewa miaka ine kwa tanuru, kampuni inataka kumuona ndani. Unaenda hospitali, banapiga picha ya kifua. Kifua ikiwa safi, 1981. Kifua ikiwa na vumbi, unatoka mwisho wa mwaka huu, na pansiyo ya mugonjwa. Ata ile miaka mbili ulikuwa nayo inakufwa."

"Na kama nanyamaza?"

"Ukinyamaza hakuna mwenye atatazama kifua yako. Unaenda mpaka 1977 kama bengine." Mulenga akashika karatasi juu ya bahasha, haikuwa ndani wala nje. "Niandike siku ya hospitali, ama niirudishe?"

Donat alitazama vidole vile vinene. Alimfikiria binti aliyekuwa wa tatu kati ya sitini na wawili.

"Andika."

Siku ikaandikwa: Alhamisi ya wiki iliyofuata. Albertine alipoambiwa aliuliza neno moja tu. "Kikohozi yako, nitaificha wapi?" Siku nane akamchemshia majani ya mikalitusi, akamfunika blanketi juu ya sufuria mpaka jasho likadondoka sakafuni. Akamnywesha asali na limau. Akamkataza tumbaku, na safari hii Donat akakubali bila ubishi. Na asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Donat alisimama uani, akavuta pumzi, akaizuia, akahesabu. Mtu mmoja wa hospitali alikuwa amemwambia kwamba mbele ya mashine utaambiwa usipumue, usitikisike. Basi akajizoeza. Moja, mbili, tatu. Alikuwa kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, yeye aliyekimbia shule.

Siku zote alifika kumi na nne. Pale kitu kilikuwa kikijikunja chini ya mbavu, kikohozi kikamshika, akashika ukuta. Siku moja alipoinua kichwa alimwona Laurentine mlangoni na ndoo. Msichana akapita kwenda bombani, na maji yalipokuwa yakijaa Donat aliona midomo yake ikisogea polepole, kana kwamba anahesabu naye.

Alhamisi alikaa kwenye benchi la hospitali tangu saa moja. Watu kumi na watatu mbele yake, kisha tisa, kisha mmoja tu, aliyekwisha kuingia. Kulia kwake alikaa kijana aitwaye Adrien, mgeni kazini, aliyekuja kupigwa picha ya kuanza, na ambaye alilalamika njaa tangu alipokaa. Mlango ulifunguliwa mara kwa mara na muuguzi msichana, gauni jeupe, saa ndogo imebanwa kifuani kichwa chini. Aliita majina bila kupaza sauti, na wanaume wa tanuru, watu wenye mikono kama makoleo, walisimama upesi kama watoto. Donat alimtazama sana. Alikuwa akimvalisha Laurentine gauni lile.

Alipogeuka, Laurentine mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, vumbi miguuni. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka kambini, mama yake akiwa amemweleza yote asubuhi ile. Mkononi alikuwa na ile karatasi ya Masere Virginie na kalamu.

"Baba, tia sahihi hapa."

Donat akatazama mahali kidole kilipowekwa. A3.

"Rudi nyumbani," akasema.

"Nitarudi na weye."

"Laurentine. Mi niko kwa mustari. Anabakia mutu mumoja tu."

"Njo sababu ya ile nilikimbia." Akachuchumaa, akaongea chini chini, lakini benchi zima lilikuwa na masikio. "Baba, unafika kumi na ine. Haujafika kumi na tano ata siku moja. Ile mashine haitauliza kama mutoto wako alikuwa wa ngapi."

"Inaweza kuona, inaweza isione. Siyo macho ya Mungu."

"Na kama inaona? Sina ine, sina mbili. Sina ata moja."

"Na kama haioni?"

Msichana alijibu akitazama magoti ya baba yake.

"Kama haioni, unabakia miaka ine ingine kwa moto. Mi nitavaa nyeupe, na weye utakuwa wapi?"

Donat alikuwa amepima mengi wiki zile. Alipima ada, alipima nyumba, alipima kadi ya posho, alipima aibu ya kukiri uongo mbele ya Mulenga. Hilo hakuwa amelipima. Kwake miaka minne ya tanuru ilikuwa kazi tu, kitu mtu anachokitoa bila kukiangalia. Mtoto wake ndiye aliyekiweka kwenye mizani.

"Banasema wa A3 anaweza kurudi shuleni kisha," Laurentine akaongeza upesi. "Nitafanya kazi, kisha nitarudi."

"Banasema," Donat akasema. Alikuwa amewajua wengi waliosema watarudi. Yeye mmoja wao.

"Muzee, umusikilize mutoto," Adrien akaingilia. "Ama usimusikilize, lakini muamue, mi tumbo inaniuma."

"Nyamaza weye," mtu mwingine akasema. "Haujaanza kazi, ulisha kuchoka."

Mlango ukafunguka. Muuguzi akatazama orodha yake.

"Mwilambwe Kisimba."

Donat hakusimama. Aliona viatu vyeupe vya muuguzi, safi, kamba zimefungwa sawasawa.

"Mwilambwe Kisimba! Hayuko?"

Laurentine hakumshika mkono wala hakumtazama. Alikaa vilevile amechuchumaa, karatasi juu ya goti.

"Kama hayuko, mi niko," Adrien akasema, akasimama. Watu wakacheka. Muuguzi naye akacheka kidogo, akafuta jina, na kijana akaingia.

Donat akachukua kalamu. Alitia sahihi juu ya paja lake, polepole, herufi moja moja, na karatasi ikatoboka kidogo mahali pa mwisho. Wakarudi kambini kwa miguu, baba mbele, binti nyuma. Ile karatasi ya batizo Mulenga aliirudisha wiki iliyofuata katika bahasha yake, bila utani, kadi ikabaki 1922, na tangu siku ile aliendelea kumwita muzee na kumpisha mlangoni.

Laurentine alimaliza mwezi wa saba 1977, wa kwanza katika darasa lake. Mwezi wa kumi na mbili Donat akarudisha funguo. Walihamia Kasungami, nyumba ya matofali mabichi, shamba la mahindi na mihogo ya sombe nyuma yake. Hewa ya kule ilimfaa, au labda ni kutokuwepo kwa moto. Laurentine alipata kazi katika nyumba ndogo ya uzazi mjini, na mshahara wake ukalisha nyumba na kusomesha wadogo zake wawili. Kurudi shuleni hakurudi. Hakuna aliyemkataza. Kila mwaka kulikuwa na kitu.

Mwaka 1979 wale wa miaka minne wakatoka. Mmoja wao, Nkandu, aliyekuwa wa ishirini katika mtihani ule, akawekwa mkuu wa zamu katika nyumba ileile ya uzazi. Donat alijua siku aliyopeleka mahindi mabichi. Alikuwa amesimama kwenye ua wa nyuma aliposikia sauti ya msichana ikisema, "Laurentine, haya mashuka bado," na sauti ya binti yake ikajibu, "Ndiyo, Madame."

Laurentine akatoka, akachukua mfuko, akamshukuru. Akavuta kiti kwa baba. Donat hakukaa.

"Ile siku kwa hospitali," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne. "Sikusimama. Nilisema ni kwa ajili yako. Kisha nafikiri: labda nilikuwa na woga tu, mwanangu. Labda sikutaka kuona ile picha. Nikikuomba uniambie, unasemaje? Nilikaa kwa ajili yako, ama nilikaa sababu ya woga?"

Laurentine akafungua mfuko, akatazama mahindi, akaufunga tena.

"Baba, mi nilikukuta kwa benchi. Kile kilikuwa ndani ya roho yako sikukiona. Najua tu ulisha kufikisha miaka makumi tano na tatu, na uko hapa unanisumbua na maulizo."

"Na weye? Unajuta?"

"Siku zingine," akasema. "Siku zingine najuta sana. Leo bado sijafika pale."

Kutoka ndani Madame akaita, maji, haraka. Laurentine akaitika, akaweka mfuko ukutani, akaingia. Donat akabaki uani. Akasikia ndoo, akasikia Nkandu akiuliza, "Laurentine, mkono wa mutoto umetangulia namna hii, ulisha kuona vile?" na binti yake akijibu kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kuona, akieleza tangu mwanzo, bila haraka.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua njia ya Kasungami.